Siku nne hazitoshi, na mnyama si tatizo lako la kwanza

Swali: Mtaalamu, habari za kazi? Mimi na marafiki zangu wawili tunapanga kwenda kwenye hifadhi ya milima, ile ya pori tupu, haina hoteli wala barabara ndani yake. Geti liko mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Siku ya kwanza tunalala kambi ya mita 2,700, ya pili 3,200, ya tatu 3,800, na ya nne tunashuka moja kwa moja hadi getini. Mwanangu wa miaka 14 naye anataka kuja. Sote ni wazima na tunakimbia kila wiki, lakini hakuna aliyewahi kupanda mlima. Kusema kweli ninachoogopa ni wanyama. Tujilinde vipi? Na je, ni lazima tuchukue mwongozaji?

Jibu: Dada, umefanya vizuri kuniandikia ratiba yote, kambi kwa kambi. Wengi huuliza tu wabebe nini, na swali hilo halina jibu kabla sijajua wanalala wapi na wanatembea saa ngapi. Sasa ya kwenu nimeiona, na nakuambia bila kuzunguka: hatari kubwa zaidi katika safari yenu ni hiyo ratiba. Wanyama nitawafikia, ila nafasi yao ni ndogo kuliko ulivyotarajia.

Hifadhi za namna hii huachwa makusudi bila kuendelezwa. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1964 inayolinda maeneo ya pori inamtaja binadamu kama mgeni anayepita, si mkaazi. Ni jambo zuri kulisoma ukiwa nyumbani. Ukiwa kule ndani, maana yake ni kwamba daraja halipo, kibao cha kuelekeza njia hakipo, simu haishiki, na hata pale penye helikopta ya uokoaji, hairuki ukungu ukiwa umetanda. Kifundo cha mguu kikiteguka mjini, baada ya muda mfupi uko mbele ya daktari. Kifundo hichohicho kikiteguka bondeni saa kumi na moja jioni, mmeshalala nje. Kwa hiyo mnachokihitaji kuliko vifaa vyote ni saa za akiba: mwanga wa mchana unaobaki, siku inayobaki, nguvu zinazobaki jambo likienda kombo. Ratiba ya siku nne haina akiba hiyo hata kidogo.

Tuanze na mwinuko. Hewa ya juu mlimani ina oksijeni kwa uwiano uleule wa asilimia 21 kama pwani. Kinachopungua ni mgandamizo wake. Kwenye mita 5,500 mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Kwenye kambi yenu ya 3,800 utabaki chini kidogo ya theluthi mbili ya ule wa usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Mwili unaweza kuzoea, lakini unahitaji siku, na kadiri ya siku hizo haihusiani na afya ya mtu. Hapa ndipo wakimbiaji hujidanganya. Mapafu na miguu iliyozoea mazoezi inakufikisha kambini mapema, haikukingi na ugonjwa wa mwinuko. Tena mara nyingi kijana mwenye nguvu ndiye anayeugua kwanza, kwa sababu ndiye aliyepanda haraka.

Madaktari wa milimani wana kanuni rahisi: ukishapita mita 3,000, usiku mmoja na unaofuata visitofautiane kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ongeza usiku mmoja pale pale ulipo. Kinachohesabiwa ni mahali unapolala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi ukashuka, na kufanya hivyo husaidia. Ninyi mnatoka 3,200 hadi 3,800 kwa mkupuo mmoja, usiku wa tatu tu tangu muondoke chini, halafu kesho yake mnateremka mita 2,000 magoti yakiwa yamechoka.

Ningepanga hivi. Usiku wa kwanza laleni getini au karibu yake. Wa pili 2,700. Wa tatu 3,200, na wa nne hapohapo 3,200: mchana wake pandeni polepole hadi kama 3,600, kaeni saa moja, rudini mlale chini. Usiku wa tano ndio 3,800: bado ni mita 600, mia moja zaidi ya kanuni, lakini usiku wa ziada mtakuwa mmeshaulala. Kisha mshuke. Ni siku sita. Kama likizo ni ya siku nne na haiongezeki, basi iacheni kambi ya juu. Laleni siku mbili kwenye 3,200, tembeeni kwenye vigongo vya karibu, mrudi. Mtaona milima ileile.

Ugonjwa wenyewe huanza kimyakimya, kwa kawaida saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika, yaani jioni au usiku mkiwa kambini: kichwa kinauma, chakula hakitamaniki, kichefuchefu, uchovu usiolingana na kazi ya siku, kizunguzungu, usingizi wa kukatika. Mtu aliye juu ya mita 2,500 akiumwa kichwa na akawa na mojawapo ya dalili hizo nyingine, mchukulieni kuwa ana ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Asipande hata hatua moja. Apumzike, anywe maji, ameze dawa ya maumivu akihitaji. Dalili zikiisha zote ndani ya siku moja, mnaendelea. Zikibaki vilevile au zikizidi, anashuka, na hashuki peke yake. Dawa ya kichwa isitumiwe kuficha dalili ili msafara usichelewe. Hilo nimeliona likifanywa na watu wazima wenye akili zao, na sababu ni ileile kila mara: kambi ya mbele imeshalipiwa.

Kuna hali mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa anakuwa mkali bila sababu, au anazubaa, anajibu maswali kwa kuchelewa, anayumba. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa. Chora mstari wa hatua kama kumi kwenye udongo, mwambie atembee juu yake, kila mara kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu wa nyuma. Fanya wewe kwanza ili aone, na ili ujue ardhi yenyewe si ya kuyumbisha mtu. Akikanyaga nje ya mstari, akinyoosha mikono kutafuta mizani, akacheka na kusema amechoka tu, msibishane naye. Ya pili ni maji kujaa kwenye mapafu: anahema akiwa amekaa, kifua kinabana, anakohoa, pengine makohozi yana povu la rangi ya waridi, midomo inageuka buluu. Kwa zote mbili tiba ya kwanza ni kushuka, mita 300 hadi 1,000 au mpaka apate nafuu, hata kama ni usiku, kwa tochi, huku akisaidiwa, na akiwa na maji kwenye mapafu abebwe ikiwezekana kwa sababu kutembea kunazidisha hali. Dawa zipo na zinasaidia, lakini zinamnunulia mgonjwa muda wa kushuka, hazichukui nafasi ya kushuka.

Mtauliza kuhusu asetazolamaidi, vidonge ambavyo wapanda milima huvimeza kujikinga. Vinafanya kazi: vinaharakisha mwili kuzoea. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda, husababisha vidole kufanya ganzi na mkojo kuongezeka, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima amwambie daktari. Dozi ya mwanao inategemea uzito wake. Kwa ratiba ya siku sita huenda msivihitaji; kwa ya siku nne, ningewaambia mbadilishe ratiba kabla ya kwenda duka la dawa.

Sasa saa za kutembea. Mwaka 1892 Mskoti aitwaye William Naismith aliandika kanuni ambayo hadi leo inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua mfano wa siku yenye kilomita 12 na kupanda mita 900. Umbali unachukua saa mbili na dakika 24, kupanda saa moja na nusu, jumla karibu saa nne. Lakini Naismith alikuwa akihesabia mtu mkakamavu asiyepumzika. Ninyi mna mizigo, mna mtoto, hewa ni pungufu, na mtapiga picha. Ongezeni nusu yake, mnapata saa sita. Mkiondoka saa moja asubuhi, saa saba mchana mko kambini, na hata mkipoteza saa tatu nzima bado kuna mwanga. Mkiondoka saa tano kwa sababu mlikuwa mnakausha mahema, hesabu ileile inawaingiza gizani.

Ndiyo maana kila siku, mkiwa bado mnakunywa chai, kubalianeni saa ya kugeuza. Kwa siku ya kwenda juu na kurudi, semeni wazi kwamba saa sita mchana, popote mtakapokuwa, tunageuka. Iwekwe asubuhi kwa sababu saa sita mchana ukiwa unakiona kilele hapo mbele huna akili ya kuamua. Kilele huonekana karibu kuliko kilivyo, tena mara nyingi unachokiona si kilele bali ni bega la mlima linalokificha. Na wekeni sharti jingine: yeyote akisema turudi, mnarudi, na maswali yataulizwa kambini. Sharti hili lina maana zaidi kwa mwanao. Kijana wa miaka 14 aliye na watu wazima watatu ataficha maumivu ya kichwa ili asionekane mzigo. Mpe ruhusa hiyo mbele ya wote kabla hamjaondoka, na kila jioni mwulize swali lenye jibu linaloonekana: umekula nini, umekojoa mara ngapi, hebu tembea hapa nikuone.

Baridi ndiyo inayofuata, na sifikirii theluji. Watu wengi huzidiwa na baridi mahali ambapo joto liko juu ya nyuzi sifuri, kukiwa na manyunyu na upepo. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kama getini ni nyuzi 22 mchana, kambi ya juu itakuwa na nyuzi 9 saa hiyohiyo, na usiku bado haujafika. Ongeza upepo: hewa ya nyuzi sifuri ikivuma kwa kilomita 50 kwa saa, ngozi inahisi kama nyuzi 8 chini ya sifuri. Wala mlima si lazima uwe mrefu. Mount Washington huko Marekani una mita 1,917 tu, na kileleni pake mwaka 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa.

Dalili za mwanzo zinaonekana mikononi. Tuseme mmesimama kusubiriana, mvua nyembamba inanyesha tangu saa nane. Mwenzenu mmoja amesimama tu, hajavua begi, hajala. Unamwuliza kama yuko sawa, anasema yuko sawa, lakini ulimi mzito. Anajaribu kufunga kifungo cha begi kifuani, anakikosa, anajaribu tena, anakiacha kikining'inia. Ukiona hivyo, safari ya siku imekwisha, hata kama kambi iko mbele kwa nusu saa. Simamisheni hema hapo. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mlazeni juu ya godoro la kukunja na si juu ya ardhi, aingie kwenye mfuko wa kulalia, kichwa kifunikwe. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe. Aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali yake imezidi kuwa mbaya. Mlazeni, mshikeni taratibu bila kumtikisa, na ombeni msaada.

Kinga yake ni nguo, na hapa nitakuwa mkali. Fulana na suruali za pamba, pamoja na jinzi, ziacheni nyumbani. Pamba ikilowa kwa jasho au mvua hushika maji na kuuweka ubaridi mwilini. Chukueni sufu au vitambaa vya sintetiki, vazi jepesi juu ya jingine, na koti la mvua lisilopitisha upepo. Kosa la kawaida ni kuvaa nzito asubuhi, kutokwa jasho wakati wa kupanda, kisha kuganda mkisimama. Anzeni mkihisi baridi kidogo. Baada ya dakika kumi za mlima mtashukuru. Seti moja kavu ya kulalia ifungwe kwenye mfuko wa plastiki na isivaliwe kutembelea, hata ukishawishika vipi.

Hilo la baridi lina ndugu yake ambaye watu humsahau. Kukiwa na mvua nje, hamu ya kuwasha jiko ndani ya hema ni kubwa. Msifanye hivyo. Moshi wa jiko una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na hema lililofungwa ni dogo. Pikieni nje, au kwenye kibaraza cha hema kilichofunguliwa wazi.

Radi milimani hupenda alasiri, kwa sababu jua la asubuhi hupasha miteremko na kuinua hewa yenye unyevu hadi ikafanya mawingu marefu. Ni sababu nyingine ya kuondoka mapema: saa saba mchana muwe mmeshashuka kutoka vileleni na kwenye vigongo. Mkiona mmweko, hesabuni sekunde hadi ngurumo, gawanyeni kwa tatu, mmepata kilomita. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na mnapaswa kuwa mmeondoka mahali pa juu na pa wazi. Msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye mdomo wa pango au chini ya jabali lililoinama, maana umeme hupita kwenye mwamba na kuruka uwazi huo. Achaneni kwa umbali wa mita kadhaa ili pigo moja lisiwaangushe wote. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mito nayo ina saa zake. Unaotokana na theluji au barafu inayoyeyuka huwa mdogo alfajiri na mkubwa alasiri, kwa hiyo mto mliouvuka kirahisi wakati wa kwenda unaweza kuwafungia njia jioni. Wa mvua hujaa ghafla lakini pia hupungua baada ya saa chache. Kukaa ng'ambo na kusubiri si aibu. Kabla ya kuingia, sikilizeni: mkisikia mawe yakigongana chini ya maji, msiingie. Tafuteni mahali mto unapopanuka, si pale unapobana, na angalieni chini yake kuna nini, kwa sababu ukianguka ndiko utakakokwenda. Vaeni viatu. Fungueni mikanda ya begi ya kiunoni na kifuani ili mweze kulitupa mkianguka. Mwelekee kule maji yanakotoka, mkiegemea fimbo, mguu mmoja ukihama baada ya mwingine kushika. Maji yenye kasi yakipita goti, hasa goti la mwanao, rudini.

Haya, wanyama wako. Wapo, na katika hifadhi nyingine ni wakubwa, lakini wengi wao wakikusikia mapema hujitenga. Shida huanza mnapokutana ghafla kwenye kona ya kichaka, mnapoingia kati ya mama na mtoto, au mnapotaka picha. Tembeeni pamoja, mkiongea, hasa kwenye vichaka vizito na kando ya mito inayoficha sauti, na epukeni kutembea alfajiri sana na jioni. Katika hifadhi ya Yellowstone huko Marekani kanuni ni kukaa angalau mita 91 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine. Kwa jicho: nyosha mkono, inua kidole gumba, funga jicho moja, kama kidole hakimfuniki mnyama mzima, uko karibu mno. Na kama ameacha alichokuwa akifanya, ameinua kichwa na kukutazama, ondokeni taratibu bila kumpa mgongo. Msikimbie, kukimbia kunamwamsha mnyama anayewinda.

Chakula kisilale ndani ya hema, hata kile kidogo kwenye mfuko wa koti la mtoto. Dawa ya meno na sabuni zinanukia pia. Ulizeni hifadhini namna ya kuhifadhi, kwa kuwa kuna mahali wanataka kitundikwe juu ya mti na mahali wanataka makopo maalumu magumu. Na kwa habari ya wadudu wadogo msiowaona: maji ya mlimani yakiwa angavu kiasi gani, yachemsheni. Dakika moja ya kuchemka inatosha chini, na juu ya mita 2,000 acheni yachemke dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Choo kiwe mbali na maji, hatua 70 au zaidi, kwenye shimo la sentimita 15 hadi 20.

Mkipotea, kupotea kwenyewe mara nyingi si tatizo kubwa. Tatizo ni saa mbili zinazofuata, pale watu wanapoharakisha kutafuta njia kabla ya giza. Kaeni chini. Kuleni kitu. Angalieni ramani na mkumbuke mahali pa mwisho mlipokuwa na uhakika. Kama mnaweza kurudi huko kwa nyayo zenu wenyewe, rudini. Kama hamwezi, bakini mlipo. Ule ushauri wa kufuata mto hadi ukutane na watu usiufuate milimani, kwa kuwa mto hauogopi kuingia korongoni wala kuruka maporomoko. Kila mmoja avae filimbi shingoni, si ndani ya begi. Ishara ya kimataifa ya kuomba msaada milimani ni milio sita kwa dakika, kisha dakika ya kimya, kisha tena; usiku ni hivyohivyo kwa tochi. Anayejibu hutoa mitatu. Mwanao afundishwe kwamba akijikuta peke yake asiwatafute ninyi, akae pale pale kando ya mti au jiwe kubwa, apulize.

Simu ibebeni, lakini kama kifaa kinachoweza kugoma. Pakueni ramani nzima kabla ya kuondoka kwa sababu intaneti haitakuwepo, zimeni mitandao yake ili isiendelee kutafuta minara, na laleni nayo ndani ya mfuko wa kulalia maana baridi hunyonya betri. Kwenye mtandao dhaifu ujumbe mfupi hupita pale simu ya sauti inaposhindwa. Kwa hifadhi isiyo na mtandao kabisa, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni gharama ninayoitetea mbele ya viatu vya bei kubwa. Ramani ya karatasi na dira viwepo, na awepo anayejua kuvitumia. Tochi ya kichwani kwa kila mtu, akiwemo mtoto, na betri za ziada. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi pia, kwa sababu miale ya jua inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000.

Kabla ya kuondoka, mwachieni mtu wa nyumbani karatasi yenye majina yenu, njia, kambi ya kila usiku, namba ya hifadhi, na saa kamili ambayo asipowasikia apige simu. Saa hiyo iwe na nafasi, tuseme saa nne usiku ya siku ya kutoka, si saa kumi jioni mnayotarajia kufika. Halafu mkitoka, mpigieni. Timu za uokoaji zimewahi kuingia milimani kuwatafuta watu walio kitandani kwao.

Kuhusu mwongozaji: zipo hifadhi ambako kanuni inamtaka, na ambako mtatembea na askari mwenye silaha kwa sababu ya wanyama, hapo hakuna mjadala. Pasipo na sharti, kwa kundi lenu lisilo na hata mmoja aliyewahi kupanda, ningemchukua kwa safari hii ya kwanza. Ila msimkabidhi akili zenu. Kabla ya kukubaliana naye mwulizeni anageuza saa ngapi, anapimaje ugonjwa wa mwinuko, njia ya kumshusha mgonjwa usiku kutoka kambi ya 3,800 ni ipi na inachukua muda gani. Mwoneshe ratiba ya siku sita, kisha ile ya siku nne. Akikwambia ya siku nne inatosha kwa kuwa ninyi ni wakimbiaji, tafuteni mwingine.